Sema Kitakachoandikwa

Nyumbani kwa Baba,
Chumba cha uani,
Jumapili asubuhi, tarehe 16, mwezi wa tano.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo sana. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na kwamba lile goti lililokuwa likikusumbua limekubali kupanda ngazi bila manung'uniko. Tafadhali usinijibu kwa mkato kwamba "limepona", kama ulivyozoea. Niambie linauma wakati gani, ukikaa au ukisimama, maana Baba ataniuliza na mimi sipendi kubahatisha.

Sisi huku hatujambo. Baba bado anabishana na redio kana kwamba mtangazaji anamsikia. Mama aling'olewa jino la nyuma, na sasa anatafuna upande mmoja, ingawa kusema anasema kwa pande zote mbili. Watoto pacha wa dada wameanza kutembea, na kwa kuwa kila mmoja hushika njia yake, dada amekonda kwa kuwafukuza. Mimi ni mzima, ila usingizi wangu ni ule ule wa mang'amung'amu unaoujua.

Katika barua yako ya mwisho uliniuliza, "Hivi mwanangu, huko ofisini unafanya nini zaidi ya kuandika maneno ya watu wengine?" Nilipomsomea Baba alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka, kwa sababu sikuwa na jibu. Sasa ninalo, na ni refu. Kaa vizuri, Shangazi, unyooshe hilo goti.

Unajua kwamba mimi ni karani wa vikao katika baraza la mji. Wakubwa wakikutana, mimi hukaa kwenye kona ya meza, naandika nani kasema nini, kisha nachapa kumbukumbu za kikao. Naipenda kazi hii kwa sababu hainidai nifungue mdomo. Ofisini wananiita Nong'ona. Wewe ndiye uliyenitoa nyuma ya tangi la maji siku ya arusi ya dada, nilipotakiwa kusema maneno machache ya pongezi, kwa hiyo jina hilo halihitaji maelezo kwako.

Nyuma ya ofisi yetu kuna ghala la zamani ambalo vijana wa mtaa wamelifanya karakana. Upande mmoja kuna cherehani, upande mwingine meza za useremala, na kwenye kona kuna kioo kikubwa chenye ufa na kiti cha kunyolea. Anayejua anamfundisha asiyejua, na asiyejua akishajua anamfundisha mwingine. Hawakuwahi kupewa ruhusa ya maandishi. Walikuwepo tu kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaondoa.

Mwaka huu akajitokeza wa kuwaondoa. Mkuu wa Usafiri, yule mwenye dhamana ya magari yote ya baraza, aliomba ghala liwe banda la magari. Mwenyekiti wa kamati ya majengo, mama mmoja aliyestaafu ualimu wa hesabu, akaamua kwamba pande zote mbili zije kuwasilisha hoja zao mbele ya kamati, ndipo kura ipigwe. Vijana wakishindwa, watatoa vitu vyao nje kabla ya mwisho wa mwezi. Na kwa kuwa hawakuwahi kusimama mbele ya kamati yoyote, akaagiza ofisi yetu itoe mtu wa kuwafundisha namna ya kuandaa wasilisho na kulitoa.

Bosi wangu alipoingia kutafuta mtu huyo, kila mmoja alipata shughuli ghafla. Mmoja alianza kuitafuta mashine ya kubania karatasi ilhali ilikuwa mkononi mwake. Mimi nilichelewa kuinamisha kichwa.

"Wewe," akasema bosi. "Wewe si ndiye uliyesikia hotuba nyingi kuliko sisi sote?"

Habari ilienea kabla sijamaliza kukunja karatasi zangu. Pale koridoni Mkuu wa Usafiri alinipita, akasimama, akageuka. "Nong'ona ndiye anayewafundisha kusema? Basi hata mimi sina haja ya kujiandaa." Waliokuwa karibu wakacheka. Nami nikacheka pamoja nao, Shangazi, kwa kuwa kicheko ni chepesi kuliko jibu.

Vijana walichagua wasemaji watatu, nami nitakutajia kwa majina yao ya karakana. Wa kwanza ni Kinyozi, ambaye mdomo wake na mkasi wake vinafanya kazi kwa mwendo mmoja. Wa pili ni Msasa, mwanafunzi wa useremala, mpole, mwenye mikono mikubwa. Wa tatu ni Sindano, binti mshonaji, mwembamba na mwenye kuchoma kama jina lake. Nilijitambulisha kwao kwa dakika nzima. Nilipomaliza, Sindano akawageukia wenzake.

"Kuna aliyesikia?"

"Mimi nimeona midomo inacheza," akasema Kinyozi.

"Mwalimu, usikasirike," Sindano akaniambia, "lakini nahisi wametuletea wewe makusudi ili tushindwe."

Sikukasirika. Nilikuwa nimeshawaza hivyo mwenyewe nikiwa njiani.

Basi nikafanya kile ambacho mtu mwoga hufanya, nikashika ninachokijua. Ninachokijua ni mpangilio wa kumbukumbu za kikao, kwa hiyo nikawapangia wasilisho lao kwa utaratibu huo huo, kipengele kwa kipengele. Kufungua. Mahudhurio. Udhuru. Yaliyotangulia. Yatokanayo. Mengineyo. Kufunga. Nililiandika vizuri, nikalipigia mistari kwa rula, nikaona nimefanya jambo la maana. Hata Msasa aliposhika karatasi yake aliishika kama anashika cheti.

Siku ya mazoezi ya kwanza tulimwalika mama anayeuza chai ofisini kwetu awe ndiyo kamati. Alikaa kwenye kiti cha kunyolea, birika lake miguuni. Kinyozi akafungua. Akawataja wote waliohudhuria, ambao walikuwa sisi. Akawataja wasiohudhuria na sababu zao, pamoja na rafiki yake mmoja aliyekuwa anaumwa jino. Msasa akashika yaliyotangulia, akaanzia siku ghala lilipojengwa, akaeleza matofali yalitoka wapi. Kisha akaingia kwenye yatokanayo. Ombi lenyewe nilikuwa nimempa Sindano aliseme kwenye mengineyo, kwa sababu ndivyo ilivyo kwetu, jambo jipya huletwa mwisho.

Mama wa chai alianza kupanga vikombe vyake kabla Msasa hajafika kwenye paa. Alipoinuka nikamwomba avumilie kidogo, bado kipengele kimoja.

"Mwanangu, nilidhani hawa wana jambo wanaloliomba," akasema. "Nimekaa mpaka chai imepoa. Kwani wanataka nini?"

Alipotoka, Sindano alikunja karatasi yake ikawa ndogo sana, akaitia mfukoni. Angeniambia neno kali ningeumia kidogo. Hakuniambia kitu, na nikaumia sana.

Kesho yake nilikuwa kwenye kikao kingine, cha mambo ya taka. Mjumbe mmoja alisema kwa muda mrefu sana huku kalamu yangu ikiwa imetulia, maana hakukuwa na cha kuandika. Kisha mama mmoja mkazi wa bondeni akasimama, akasema, "Gari la taka haliji kwetu kwa sababu daraja limevunjika; tengenezeni daraja," akakaa. Kalamu yangu iliandika yenyewe, neno kwa neno, hata kabla sijaiamuru. Nikaitazama. Nikawaza, mbona jambo lenyewe ni hili? Nilikuwa nimewafundisha vijana waseme kama karatasi inavyoandikwa, ilhali nilipaswa kuwafundisha waseme kile ambacho karatasi haiwezi kukikwepa.

Nilikwenda karakana jioni hiyo hiyo, nikawaomba wanirudishie karatasi zangu zote. Nikakaa kwenye kona, nikashika kalamu. "Semeni mnavyotaka," nikawaambia. "Ukimaliza, nitakusomea nilichoandika. Mimi ndiye karani wa kamati ile. Kikao kikiisha, nitakachoandika ndicho kitakachobaki."

Kinyozi ndiye aliyejitolea kwanza. Alisema, Shangazi. Alichekesha, alinyanyua mikono, alimgeukia huyu akamgeukia yule, wenzake wakapiga makofi. Kisha akanitazama kwa kujiamini, nami nikamsomea: "Mchangiaji alisalimia."

Cherehani zote zilisimama.

"Nimesema robo saa, wewe umeandika nimesalimia?"

"Salamu niliisikia vizuri," nikamwambia.

"Na ile ya mzee aliyekuja kunyolewa akalala?"

"Ile nilicheka. Lakini nilipotaka kuiandika sikujua niandike inaomba nini."

Msasa alicheka mpaka akaketi sakafuni kwenye maranda. Kinyozi alinuna kwa muda, kisha akarudi mbele ya kioo chake na kuanza kujisemea upya, safari hii taratibu. Tangu siku hiyo swali letu likawa moja tu. Kila mtu akimaliza, wote walimwuliza kwa pamoja, "Karani ataandika nini?" Asiyekuwa na jibu alirudi kukaa.

Tulipata sheria zetu kwa njia hiyo, na nyingi si zangu. Kila mmoja awe na sentensi yake moja, aijue hata akiamshwa usingizini. Mengine yote yawe ni ya kuisindikiza. Ianze mwanzoni, irudi mwishoni. Usiombe radhi kabla hujakosa. Sauti tulizifundisha kwa cherehani. Hatukuzizima, ila tuliziacha zipige, na mimi nikakaa ukuta wa mbali. Nisiposikia, natega mkono sikioni, na msemaji anaanza upya. Sindano akasema sheria ni ya wote, kwa hiyo nami nikasimama upande wa pili nikapaza maelekezo yangu juu ya cherehani huku wakinitegea masikio. Siku za kwanza mikono yote ilikuwa masikioni.

Habari ya macho alitufundisha Kinyozi. Alisema mteja akikutazama moja kwa moja mkono hutetemeka, kwa hiyo yeye humtazama mahali nywele zinapoanzia, na mteja hudhani anatazamwa usoni. Tulijaribu, ikafaa. Tatizo la Msasa lilikuwa mikono. Akisimama mbele ya watu ilikuwa kama ameiazima na hajui pa kuiweka. Tukampa kipande cha mbao alichokiunga mwenyewe, akishike. Mikono ikatulia, na sauti ikashuka mahali pake.

Sindano ndiye aliyenipa hofu. Sentensi yake ilikuwa nzuri kuliko zote, lakini kila akisimama kuisema, alikimbia. Aliitoa kwa haraka kama mtu anayetupa kaa la moto. Nilimwambia ahesabu pumzi kabla ya kuanza.

"Wewe ukisimama huwa unahesabu pumzi, Mwalimu?"

"Mimi huwa sisimami."

"Basi mwalimu wetu ni wa kukaa," akasema, na wakacheka, lakini aliijaribu ile pumzi.

Nilimwendea Mwenyekiti mapema nikamweleza kwamba nimewafunza vijana hawa, na kwamba ni mimi pia nitakayeandika kikao. Kama anaona haifai, amtafute karani mwingine. Alinitazama juu ya miwani. "Andika kinachosemwa," akasema. "Ukiongeza nitajua, na ukipunguza nitajua. Nimesahihisha hesabu za watu maisha yangu yote." Nilitoka pale nimeloa jasho, lakini dhamiri ikiwa nyeupe.

Siku ikafika. Chumba cha kamati kina meza ndefu, na pangaboi la darini linalozunguka huku likilia. Vijana walikaa kwenye benchi la ukutani, wamepiga pasi mpaka mikunjo ya suruali ya Msasa ingeweza kukata mkate. Mimi nilikaa kwenye kona yangu. Nisingeweza kuwaambia hata neno moja, na nadhani hilo liliwatisha kuliko kamati yenyewe.

Mkuu wa Usafiri alianza. Ni mtu mwenye sauti nzuri, Shangazi, siwezi kumnyima sifa hiyo. Alieleza gari la kwanza la baraza lilinunuliwa lini na lilikuwa la rangi gani. Alieleza hadhi. Alieleza dira. Alisimulia safari moja ambayo vumbi liliingia ndani ya taa. Alitoka kwenye vumbi akaenda kwenye maendeleo, akatoka kwenye maendeleo akarudi kwenye vumbi. Nilisikiliza kwa makini kuliko nilivyowahi kumsikiliza mtu yeyote, kwa sababu niliogopa kumpunja. Kalamu yangu iliandika ilipopata cha kuandika.

Alipoketi, Mwenyekiti aliitazama saa ya ukutani. Kamati ya afya ilikuwa tayari inasubiri mlangoni kukitumia chumba. Akawageukia vijana. "Muda wenu umeliwa, wanangu, na si kosa lenu. Lakini sina mwingine wa kuwapa. Kila mmoja asimame, aseme neno lake moja, aketi."

Kinyozi alikuwa ameandaa utangulizi, na ndani yake ule mzaha wa mzee aliyelala, ambao sasa ulikuwa umepata kazi ya kufanya. Nilimwona anaumeza. Akasimama, akatazama mahali nywele za Mwenyekiti zinapoanzia, akasema:

"Mafundi watatu wenye maduka yao nyuma ya soko walijifunza kazi kwenye karakana hii bila kulipwa wala kulipa, nendeni mkawaulize."

Akaketi. Nilishindwa kuamini kwamba Kinyozi ameketi.

Msasa akasimama na mbao yake. "Tulipoingia mle ndani paa lilikuwa linavuja, tumeliziba kwa mikono yetu; mvua ikinyesha, njooni mtazame kama kuna tone."

Sindano akasimama. Akafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Pangaboi likalia. Mjumbe mmoja akakohoa. Nilijua anataka kukimbia na ile sentensi kama alivyozoea, na niliomba moyoni asikimbie. Akafumba mdomo. Akavuta pumzi, moja, ndefu, chumba kizima kikimsubiri. Kisha akasema, polepole, kwa sauti iliyozoea kupita juu ya cherehani:

"Gari likilala nje linalowa tu; sisi tukitolewa nje, tunakosa kazi."

Mpaka leo sijui kama niliiandika au ilijiandika.

Ningependa kukuambia kwamba kura ilipigwa hapo hapo. Haikuwa hivyo. Mjumbe wa sokoni, mfanyabiashara mmoja mzito wa mwili na wa maamuzi, alijipangusa uso akasema mambo yamekuwa mengi, yeye amechanganyikiwa, na pengine jambo liahirishwe. Shangazi, kuahirisha kulikuwa ni kushindwa. Mwisho wa mwezi ungefika, na vijana wasio na ruhusa wangetolewa kwa utaratibu wa kawaida.

Mwenyekiti akagonga kalamu mezani. "Kama tumechanganyikiwa, tusomewe. Karani, simama. Tusomee kila upande umesema nini."

Katika miaka yangu yote pale sijawahi kuombwa hivyo. Nilisimama. Nilianza kusoma, nikasikia mwenyewe kwamba ninanong'ona. Nikainua macho. Kwenye benchi, Kinyozi alikuwa ametega mkono sikioni. Msasa akatega wake. Sindano akatega wake, uso mkavu kabisa, kama vile tuko karakana na cherehani zinapiga.

Nikaanza upya.

"Mkuu wa Usafiri alieleza historia ya magari ya baraza. Alieleza kwamba vumbi huingia kwenye taa. Aliomba ghala liwe banda la magari." Sikuamini kwamba sauti ile ni yangu. Ilikwenda ikagonga ukuta wa mbali na kurudi.

"Endelea," akasema Mwenyekiti.

"Hayo ndiyo ya upande wake, Mheshimiwa."

Watu wakacheka. Mkuu wa Usafiri hakucheka. "Kijana, nimesimama hapa muda wote ule, na wewe umeandika hayo tu?"

Nilikuwa nikitetemeka nikitafuta jibu, lakini Mwenyekiti akanitangulia. "Kulalamika ni haki yake. Bwana Mkuu, taja kilichoachwa, kiongezwe sasa hivi."

Akafikiri. Kila mtu alimsubiri, hata wajumbe waliokuwa upande wake. "Nilieleza umuhimu," akasema mwishowe.

"Umuhimu wa nini?"

"Wa magari."

"Karani, ongeza. Magari ni muhimu."

Niliongeza, kwa mwandiko mzuri. Kisha nikasoma upande wa vijana. Sikuwa na kazi ya kufupisha. Nilisoma walivyosema, neno kwa neno, na niliposoma ya Sindano nilivuta pumzi mahali pale pale alipovuta yeye.

Mjumbe wa sokoni ndiye aliyesema kwanza. "Nimeelewa," akasema. "Lakini binti, na hayo magari yalale wapi?"

Swali hilo hatukulifanyia mazoezi. Nilifunga macho. Sindano akasimama tena, safari hii hakungoja kuambiwa. "Yalale yanapolala sasa, Mheshimiwa. Lakini kama shida ni jua na mvua, mtupe mbao na mabati." Akamgusa Msasa begani. "Huyu atawajengea kivuli."

Msasa alitazama mbao iliyokuwa mkononi mwake, kisha ile meza ndefu ya kamati. "Nitawajengea," akasema. "Na hii meza yenu inayoyumba nitairekebisha."

Hapo hata pangaboi sikulisikia tena. Mwenyekiti akaomba wanaokubali vijana wabaki na karakana, kwa ruhusa ya maandishi, wanyooshe mikono. Niliihesabu mikono mara mbili kwa kuogopa kukosea. Hapakuwa na haja. Ilikuwa yote. Hata ya mjumbe wa sokoni, ambayo ni mizito.

Nje, kwenye ngazi, walinibeba. Nakuambia ukweli, Shangazi, walinibeba juu juu na mafaili yangu, mbele ya mama wa chai, ambaye alishangilia huku ananiomba nisimwagie birika. Kinyozi alitoa ule mzaha wake wa mzee aliyelala, wote, kwa sababu alikuwa ameubana tangu asubuhi. Sindano ndiye aliyeniteremsha.

"Mwalimu," akasema, "leo umesimama."

"Mmenisimamisha."

"Basi usikae tena."

Niliogopa kukutana na Mkuu wa Usafiri. Wiki nzima nilizunguka kwa ngazi za nyuma. Mwishowe alinikamata mlangoni mwa chumba cha kuchapia, akafunga mlango, nikaona leo ndiyo siku yangu. Akatoa karatasi nyingi mfukoni.

"Nong'ona, mwezi ujao natakiwa kusema mbele ya wakuu wa miji mingine." Akakohoa. "Hebu kaa hapo na kalamu yako. Mimi nitasema. Halafu uniambie ungeandika nini."

Nilikaa. Alisema. Niliandika. Nilipomsomea, alirudisha karatasi zake mfukoni, akaanza upya. Si mtu mbaya. Alikuwa tu hajawahi kusomewa.

Sasa baraza limeamua kwamba kila kikundi kinachokuja mbele ya kamati kifunzwe kwanza, na mafunzo yanafanyika pale karakana, cherehani zikipiga. Walimu ni sisi wanne. Kinyozi anafundisha macho, Msasa mikono, Sindano pumzi, na mimi nakaa kwenye kona na kalamu, kisha nasimama na kusoma. Bado natetemeka kila ninaposimama. Nimewauliza wenzangu kama kutetemeka kunaonekana, wakasema kunaonekana, ila sauti inafika.

Alhamisi iliyopita kamati ilikutana tena, na jambo la kwanza lilikuwa kuthibitisha kumbukumbu za kikao kile. Nilizisoma zote kwa sauti, ukurasa hadi ukurasa. Mwenyekiti akauliza kama kuna marekebisho. Hapakuwa na hata moja. Aliyependekeza zithibitishwe ni Mkuu wa Usafiri.

Hilo ndilo ninalofanya huko ofisini, Shangazi.

Baba anakusalimu, na anasema utume picha ambayo umesimama, ili alione hilo goti. Mama anakusalimu kwa pande zote mbili. Dada na watoto wake pacha wanakusalimu; nilijaribu kuwashikisha kalamu wachore kitu chini ya barua hii, wakaitafuna. Mama wa chai hakujui, lakini anasema kama ulinilea wewe basi salamu zake zikufikie. Nisalimie binamu zangu wote, na yule mdogo mwambie nimepokea barua yake na nitamjibu yake peke yake.

Mungu akupe afya, akupe usingizi mtamu, na akuzungushie watu wanaokusikiliza.

Ni mimi mwana wa kaka yako, akupendaye kwa sauti inayofika,

Nong'ona